Kuni za Akiba

Dada yangu aliomba likizo kwa sababu ya theluji. Hakuiandika hivyo kwenye fomu, bila shaka. Aliandika "shughuli za kifamilia", na ukiangalia vizuri hakusema uongo. Lakini theluji ndiyo iliyomtoa kazini, yeye aliyeacha likizo zake zipotee mwaka baada ya mwaka, na mji wetu huu tangu uumbwe haujaona theluji isipokuwa ile inayoganda kwenye jokofu la muuza samaki.

Ni mtunza stoo wa hospitali, mwaka wa ishirini na saba sasa. Glovu, bandeji, dripu, sabuni, mashuka, balbu, vyote vinapita mkononi mwake na hakitoki kitu bila fomu. Daktari bingwa aje na koti lake jeupe, akiomba hata kalamu ataulizwa, "Fomu iko wapi, daktari?" Ndiyo maana hospitali nzima inamwita Mama Fomu, wengine mbele yake kabisa, naye huitika.

Kwenye kila rafu ya stoo yake kuna mstari mwekundu aliouchora mwenyewe kwa rangi ya kucha. Mzigo ukishuka mpaka mstarini, hatoi tena mpaka mzigo mpya ufike, labda mtu awe anakata roho. Msimcheke. Mwaka wake wa pili kazini, mwenzake alitoa dripu ya mwisho kwa mtu ambaye angeweza kusubiri, kwa sababu tu walikuwa marafiki. Haikupita saa nzima akaletwa mzazi anayevuja damu. Dada ndiye aliyemfungulia muuguzi mlango wa stoo, wakasimama wote wawili wakitazama rafu tupu. Tangu hapo ana mstari. Mimi ni msusi, sina mstari wowote, uzi ukiniishia namtuma mteja mwenyewe akanunue huku nywele zake zimesimama nusu kichwa. Kwa hiyo siwezi kumhukumu dada yangu sana. Nitamhukumu kidogo tu, maana ni wa tumbo moja.

Tunaishi nyumba moja, yeye mjane, mimi niliyeachika na kushukuru. Chumba cha mbele ni saluni yangu, viti viwili na kioo chenye ufa. Kinachofuata ni sebule, na katikati pana pazia ambalo silifungi kamwe, kwa sababu napenda kujua kinachoendelea. Humo sebuleni, kwenye kochi, ndimo dada alimokaa siku zote kumi na mbili za likizo yake, miwani puani, simu mkononi, chaja imechomekwa ukutani.

Alikuwa anacheza mchezo. Mwanamke wa miaka hamsini na nne.

Mchezo wenyewe alifundishwa na binti yake, mtoto wake wa pekee, zamani binti alipokuwa chuoni. Unatupwa porini mikono mitupu. Usipokula unakufa, usipowasha moto unakufa, ukikutana na chui ndiyo usiseme. Sikuiona raha yake hata siku moja, nikawaambia kufa njaa hakuhitaji simu. Lakini wao walikuwa wakicheza huku wanacheka, mmoja bwenini na mwingine hapa kochini, wakajenga kibanda cha pamoja chenye mlango wa kijani kama wa nyumba yetu. Ndani wakaweka vitanda viwili. Kitanda humo si cha kulala tu. Ukifa, unaamka palipo na kitanda chako. Na kila mtu hujitengenezea cha kwake, huwezi kumtengenezea mwenzako hata umpende vipi.

Isipokuwa msimu wa theluji. Mara moja kwa mwaka, kwa siku kumi na mbili, theluji inaanguka mchezoni, ziwa linaganda watu wanatembea juu yake, na wanatokea sungura weupe wasioonekana wakati mwingine wowote. Manyoya ya sungura thelathini yanatengeneza kitanda cha msimu, na hicho ndicho kitanda pekee unachoweza kumpa mtu mwingine. Unakiweka mbele yake, naye anakipokea. Asipokipokea kabla msimu haujaisha, kinayeyuka. Manyoya uliyoyafungia sandukuni nayo yanayeyuka. Kinachobaki ni kile tu kilichotolewa na kupokelewa.

Nimeeleza yote haya ili mjue dada yangu alikuwa anatafuta nini. Alikuwa anatafuta kitanda cha binti yake.

Miaka miwili nyuma, siku ya mvua kubwa, saa tisa mchana, binti alikuja mlangoni kwetu na begi lililokatika zipu. Alikuwa ameolewa mwaka mmoja na miezi. Upande mmoja wa uso ulikuwa umevimba, na wala hakuhitaji kueleza. Dada alitoka jikoni, akamwona kupitia dirisha, akaenda mpaka mlangoni na ufunguo mkononi. Akasimama. Akasema kupitia nondo za dirisha la kando ya mlango, "Huwezi kuja na begi kabla watu wazima hawajakaa. Ndoa ina utaratibu wake. Rudi, kesho nitakuja na wajomba zako tuyazungumze." Binti akasema, "Mama, nifungulie kwanza." Dada akasema, "Kesho asubuhi, mwanangu. Kesho asubuhi mapema."

Mimi nilikuwa hapahapa, kitana mkononi, kichwa cha mteja katikati ya magoti yangu. Ningeweza kunyanyuka. Nilisema moyoni kwamba mtoto ni wake, nyumba ni yake, mimi mgeni tu mwenye viti viwili. Nikanyamaza nikaendelea kusuka. Hilo sikumwambia mtu yeyote kwa miaka miwili.

Asubuhi dada alikwenda kweli, na wajomba wawili waliovaa koti. Hawakumkuta. Hakuwa amerudi kwa mumewe kabisa. Alikwenda stendi na begi lake, akapanda gari la mbali, akaanza maisha kwenye mji ambao hatuna hata jirani. Mimi hunitumia ujumbe kila baada ya miezi, maneno matatu: "Mzima, mama mdogo." Anapima vitambaa kwenye kiwanda cha mashati, zaidi ya hapo sijui. Kwa mama yake alifunga kila njia. Simu haiingii, ujumbe haufiki. Dada aliandika barua mbili zikarudi.

Mahali pekee binti aliposahau kumfungia ni mchezoni. Au hakusahau, nani ajuaye. Alivunja kitanda chake kibandani, akaenda kujitengenezea kingine ng'ambo ya ziwa, lakini jina la mama yake hakulifuta. Na kila msimu wa theluji ukifika, binti huingia. Tangu chuo hajawahi kukosa. Mwaka wa kwanza baada ya ugomvi dada alimwona kwa mbali ziwani, alama ndogo kwenye ramani ikipita, akashindwa kuandika neno. Theluji ikaisha. Alilia wiki nzima, halafu akaomba likizo ya mwaka uliofuata, miezi kumi na moja kabla.

Basi siku ya kwanza ya theluji alikaa kochini na daftari. Ndiyo, daftari, lenye mistari aliyoipiga kwa rula. Sungura watatu kwa siku, siku kumi, hao thelathini. Siku ya kumi na moja kutengeneza kitanda. Siku ya kumi na mbili kukitoa, na kusema alichonacho moyoni. Kuni zisishuke chini ya arobaini sandukuni, maana baridi ya humo inaua haraka kuliko njaa.

"Na maneno je?" nikamuuliza. "Hayo nayo umeyapangia siku?"

"Ya mwisho," akasema. "Nikiyatoa mapema, siku zinazobaki nitakaa na nini?"

Nikacheka. Nilidhani ni mzaha.

Siku ya tatu, dada akiwa nje ya kibanda anatega sungura, mlango wa kijani ukafunguka. Nilijua kabla sijaangalia, kwa sababu dada aliacha kupumua. Binti alikuwa ameingia, amevaa joho la ngozi, amesimama katikati ya chumba chao cha zamani. Hakuandika kitu. Alizunguka, akatazama mahali kitanda chake kilipokuwa, akaketi karibu na moto. Dada akaingia polepole, akaketi upande wa pili. Wakakaa hivyo kama nusu saa, vijitu viwili kwenye kioo cha simu, wakiota moto. Mteja wangu alilalamika nimemvuta nywele.

"Andika!" nikamnong'oneza dada. "Andika hata habari za saa hizi."

"Nyamaza. Utamfukuza."

Tangu siku hiyo binti alikuja kila jioni akitoka kazini, saa kumi na moja hivi. Akiingia anakuta nyama imechomwa karibu na moto. Anakula, anakaa, anaondoka. Mara nyingine alikuwa akimwachia mama yake sungura mmoja mlangoni. Hesabu ya daftari ikaanza kukimbia mbele. Dada alinenepa usoni. Alianza kuniimbia jikoni, na sauti yake ni mbaya, Mungu anisamehe, lakini nilimwacha.

Siku ya tisa alikuwa na manyoya thelathini na moja.

"Basi kimetosha!" nikasema. "Tengeneza leo. Akija jioni akikute."

Akatikisa kichwa. "Nikitumia thelathini linabaki moja. Likitokea la kutokea? Joho langu likichanika? Nataka yafike arobaini kwanza."

"Dada, manyoya yenyewe yanayeyuka siku ya kumi na mbili! Akiba ya nini?"

"Akiba haiozi."

"Hii inaoza! Wameandika hapo juu, tena kwa rangi nyekundu!"

Akanitazama kwa ile miwani yake kama daktari aliyekuja bila fomu. Ngojangoja huumiza matumbo, nikamwambia, akajibu kwamba haraka haraka haina baraka. Tukaachana hapo. Ukiwa na dada mkubwa utazijua methali zote mbilimbili.

Siku ya kumi ndiyo siku yenyewe. Ilianza dhoruba mchezoni mchana, upepo unavuma mpaka simu inatetemeka mkononi. Dada alikuwa kibandani, moto umebaki makaa. Saa kumi na moja na robo binti aliingia. Nilikuwa nimemaliza kichwa, nimesimama nyuma ya kochi nakunywa chai, kwa hiyo niliona kwa macho yangu. Binti alikuwa amebakiwa na uhai kidogo sana. Mbwamwitu walimkuta ziwani, labda. Joho limechanika, na kile kipimo cha baridi pembeni ya jina lake kinapepesa. Akasogea kwenye makaa. Halafu, kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, yakatokea maandishi.

"Mama, kuna kuni?"

Nilishika bega la dada. Yeye alikwishaanza kuandika. Hakufikiri hata kidogo. Vidole vilikwenda vyenyewe, kama vinavyokwenda kazini mtu akigonga dirisha la stoo. Aliangalia sanduku, akaandika.

"Zipo arobaini, za akiba. Subiri kesho asubuhi, nitakata nyingine."

Akabonyeza kutuma. Mimi nilisoma, na chai ikanimwagikia kidoleni.

Binti alisimama pale kwenye makaa. Sanduku linafunguliwa na aliyeliweka tu, asingeweza kujichukulia. Alisimama muda ambao ningeweza kuhesabu mpaka ishirini. Halafu akageuka, akafungua mlango wa kijani, akatoka kwenye dhoruba.

"Anakwenda wapi?" dada akauliza. "Si nimemwambia kesho asubuhi?"

Ndipo aliposikia maneno yake mwenyewe. Niliona yanamfika. Uso wake ulifanya kitu ambacho sitaki kukiona tena. Akaanza kubonyeza sanduku, kuni zote arobaini mikononi, akakimbia nje, theluji imefunika kila kitu, akawa anaandika huku anakimbia, "Rudi mwanangu rudi zipo chukua", bila nukta, yeye ambaye huweka nukta hata kwenye orodha ya sokoni. Hakufika mbali. Yakatokea maandishi juu ya simu: mwenzako amefariki kwa baridi. Halafu alama ya binti ikatokea upya kule mbali, ng'ambo ya ziwa, penye kitanda chake. Ikakaa hapo kidogo. Ikazimika.

Dada aliweka simu kwenye kochi, akafunika uso kwa kanga.

"Nimemfanyia tena," akasema. "Neno kwa neno. Nimemfanyia tena."

Ningesema ni mchezo tu, lakini si mimi niliyemwona siku ile ya mvua? Nilikaa chini sakafuni karibu na miguu yake. Nikamwambia na mimi siku ile nilikuwa hapa na kitana changu, na sikunyanyuka. Aliweka mkono kichwani kwangu akauacha hapo.

Siku ya kumi na moja hakula. Alitengeneza kitanda asubuhi, manyoya thelathini, hakuhesabu lililobaki. Kilikuwa kizuri, nakiri, cheupe chenye mto. Akakiweka sebuleni, yaani kibandani, akamngoja binti. Saa kumi na moja ikafika, ikapita. Alama ng'ambo ya ziwa haikuwaka. Alikaa mpaka nikamnyang'anya simu nikaizima, nikamlazimisha anywe uji.

"Kesho saa sita mchana theluji inaisha," akasema.

"Kesho Jumapili. Hana kazi. Ataingia."

"Hatakuja kwangu. Wewe ungekuja?"

"Nisingekuja," nikasema, maana uongo ungemsaidia nini. "Basi nenda wewe."

Alinitazama. Katika mipango yote ya daftari lile, hilo halikuwamo. Mwenye stoo hatoki dirishani kumpelekea mtu mzigo, anangoja aje aombe. Kuvuka ziwa lote na kitanda mgongoni ni mwendo wa saa nzima, na kila baada ya hatua kadhaa lazima uwashe moto, la sivyo unaganda. Kuni arobaini zingetosha kwenda. Kurudi, hapana.

"Nitabaki bila kitu," akasema.

"Ndiyo," nikasema.

Jumapili saa nne na nusu alianza kuvuka. Nilikuwa na mteja, bibi harusi mtarajiwa mwenye haraka zake, nikamweka kiti cha karibu na pazia nikisuka jicho moja huku na jingine sebuleni. Njia nzima dada, kila alipowasha moto, alitaja kuni zilizobaki. Thelathini na mbili. Ishirini na tano. Barafu ya msimu unaoisha ilikwishaanza kupasuka, mistari myeusi inakimbia chini ya miguu yake, na mahali pawili alilazimika kuzunguka. Kumi na nne. Bibi harusi akauliza kwani dada anahesabu nini. Nikamwambia dawa.

Saa sita kasoro dakika kumi na nane alifika ng'ambo. Zilibaki kuni tatu.

Binti alikuwapo. Alama yake iliwaka dakika ileile, au labda aliiwasha kwa sababu alimwona mama yake anakuja. Alikuwa ana kijumba cha matete, kidogo, hakina hata mlango, na mbele yake jivu la moto uliokufa. Dada akaweka kitanda cheupe mbele yake. Juu ya kitanda yakatokea maandishi: zawadi inasubiri kupokelewa. Na saa ndogo inarudi nyuma.

Nikamwacha bibi harusi na chanuo kichwani, nikaenda kusimama nyuma ya kochi.

Dada aliandika kwa kidole kimoja, polepole. "Mwanangu, nisamehe. Si kwa kuni tu. Nisamehe kwa siku ile."

Zikapita dakika mbili nzima. Halafu:

"Siku ile mvua ilikuwa inanyesha, mama."

"Niliiona," dada akaandika. Akafuta machozi kwenye miwani kwa pindo la kanga, akaongeza, "Nilikuwa na ufunguo mkononi."

"Mbona hukufungua?"

Aliweka simu mapajani. Nilidhani atashindwa. Akaiinua tena. "Niliogopa nikikufungulia ndoa yako itakuwa imekwisha. Nikataka uwe na pa kurudi. Kumbe pa kurudi palikuwa hapa, na mimi ndiye niliyekuwa nimepafunga. Sikuwa na haki. Sina cha kujitetea."

Zimebaki dakika sita. Zimebaki nne. Kitanda kiko palepale, maandishi yake yanapepesa, na binti amesimama mbele yake hasogei. "Pokea, mwanangu," nikawa naiambia ile simu, kama mwendawazimu, "pokea mtoto mzuri, bonyeza tu." Bibi harusi naye alikuwa amekuja kusimama na sisi, chanuo bado kichwani, hajui anaangalia nini lakini amejishika kifua.

Dakika moja. Dada hakuandika tena. Hakumsihi. Hilo namheshimia mpaka kesho.

Saa sita ikagonga. Theluji ikaondoka mara moja, ardhi ikageuka ya udongo, ziwa likawa maji yanayomeremeta. Na kitanda cheupe kikayeyuka mbele ya binti, kuanzia kichwani mpaka miguuni, kikawa hakuna. Juu yakaandikwa kwamba msimu umekwisha, asanteni kwa kushiriki. Niliwatukana walioandika hivyo tusi ambalo bibi harusi hakulitegemea kwa mtu wa umri wangu.

Manyoya thelathini, likizo nzima, miezi kumi na moja ya kungoja, yote yamekwenda na maji. Kijitu cha dada kilikuwa kimesimama upande usio wake wa ziwa, hakina chakula, hakina njia ya kurudi, na jua la mchezoni linaanza kuzama, na usiku wa humo ni baridi hata bila theluji. Niliinua mkono nimguse, na hapo simu ikalia.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Una kuni?"

Niliona vidole vya dada vinasimama juu ya kioo. Hazikupita hata pumzi mbili.

"Tatu," akaandika. "Chukua."

"Zote?"

"Zote."

Akaziweka chini kwenye jivu, moja moja, mpaka mikono ya kile kijitu ikawa mitupu. Binti akainama akawasha. Moto ukashika, mdogo, wa kuni tatu. Binti akaketi upande mmoja. Dada akabaki amesimama, sijui kwa nini, labda hakujua kama ameambiwa aketi.

"Na wewe utarudije?" binti akauliza.

Mama Fomu, ambaye hana swali la stoo asilokuwa na jibu lake kwenye faili, aliandika, "Sijui."

Tukangoja. Bibi harusi alikohoa, nikamwonyesha kidole asubiri. Mchezoni giza lilikuwa limeingia, na kulikuwa na ule moto tu na vijitu viwili, kimoja kimekaa na kimoja kimesimama.

"Basi kaa, mama," binti akaandika. "Sogea huku, upande huo kuna upepo."